Kuhama kwa Ajira katika Miji ya Mpakani: Mfano wa Arua na Koboko, Nile Magharibi

Uchambuzi wa miji ya viwanda kwa kawaida huanza na picha moja: kazi hukusanyika katikati ya mji, na hupungua kadiri umbali kutoka kitovuni unavyoongezeka. William Alonso aliiwekea picha hiyo hesabu mwaka 1964, wakati ambapo malori na barabara kuu yalikuwa tayari yanaviondoa viwanda vya Marekani katikati ya miji na kuvipeleka pembezoni, kwenye ardhi ya bei nafuu. Arua haikupitia hatua ya kwanza. Kuitazamia ipitie ya pili ni kosa la kinadharia, na mipango ya ardhi ya viwanda inayojengwa juu ya kosa hilo ina gharama.

Chini ya utawala wa Waingereza, Nile Magharibi ilifanywa hifadhi ya vibarua. Wanaume Walugbara na Waaluru walisafiri hadi mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na tumbaku iliyolimwa nyumbani ilisafirishwa ikawa sigara kwingineko. Kazi za kiwandani za eneo hili zilikuwa mahali pengine tangu mwanzo. Hata leo sehemu ya biashara yake hufanyika Kampala, katika mtaa unaoitwa Arua Park, karibu kilomita 500 kutoka Arua yenyewe.

Kinachogawa ajira hapa ni barabara na mpaka. Barabara ya lami ya Vurra–Arua–Koboko–Oraba, yenye kilomita 92, huunganisha mpaka wa Kongo na ule wa Sudan Kusini. Safari inapokuwa ngumu, mzigo hulala Arua, na wapagazi, mafundi wa magari, mama lishe na walinzi wa maghala hupata riziki hapo. Safari inapofupishwa, sababu ya kuulaza mzigo hupungua, na kazi hizo husogea kuelekea Koboko na Oraba, mkabala na mji wa Kaya. Ndivyo mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005 ulivyoipa Koboko nafasi mpya.

Vita viligeuza mwelekeo. Mapigano ya Julai 2016 yaliposambaa hadi Ikwatoria, biashara ya Kaya ilidhoofika na wakimbizi wakamiminika Uganda. Kambi ya Bidi Bidi, wilayani Yumbe, ilifunguliwa Agosti mwaka huo. Mashirika ya misaada yaliweka ofisi Arua, na kwa ofisi hizo zikaja kazi za madereva, makarani, walinzi na wajenzi wa nyumba za kupangisha. Ajira ilirudi kusini pasipo kiwanda kujengwa, na hupungua kila fedha za wafadhili zinapopungua.

Umeme una mantiki yake. Kwa miaka mingi eneo hili lilitegemea jenereta za dizeli, kisha, tangu 2012, mtambo wa maji wa Nyagak wenye megawati 3.5. Karakana za kuchomelea na mashine za kusaga haziwezi kwenda mbali na waya. Gridi ya taifa ilipofika mwaka 2024, kizuizi hicho kililegea. Kwa mara ya kwanza swali la mahali pa kuweka kiwanda lina uzito.

Hapo ndipo takwimu zinapopotosha. Tarehe 1 Julai 2020 Arua ilitangazwa jiji, na eneo la Ayivu, ambalo sehemu yake kubwa ni mashamba, likaingizwa ndani ya mipaka yake. Mkulima ambaye hajahama hata hatua moja sasa huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa jijini. Mshauri anayelinganisha ajira za kabla na baada ya 2020 bila kuirudisha mipaka ya zamani ataona ajira zikitawanyika pembezoni, ilhali kilichosogea ni mstari kwenye ramani. Kinyume chake, wauza petroli ya magendo wa kando ya barabara, waliojulikana kama Opec Boys, hawakuonekana katika orodha ya makampuni, ingawa walikuwa waajiriwa wa mpaka kuliko mtu yeyote. Sensa inayouliza mtu analala wapi haitoshi. Inapaswa pia kuuliza anafanyia kazi wapi, na mpaka unapofungwa anakwenda wapi.