Si Kila Mwenye Miguu Minane ni Buibui

Usiku taa zikiwashwa katika sehemu za Garissa, pengine hutokea mdudu mwenye nywele, wa rangi ya mchanga, apitaye mbio sana. Waingereza humwita buibui wa ngamia, na wengi humwogopa wakidhani ana sumu kali. Lakini yeye si buibui hasa, wala hana sumu.

Alama zake ni hizi. Buibui ana kiuno chembamba na tumbo lisilo na pingili. Huyu hana kiuno hicho, na tumbo lake lina pingili. Huonekana kana kwamba ana miguu kumi, lakini miwili ya mbele ni viungo vya kupapasia. Hafumi utando. Akimfuata mtu mchana, anatafuta kivuli tu.

Taya zake zaweza kukata ngozi. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji safi. Wa kuhofiwa zaidi ni nge, mwenye mkia wa mwiba. Mtoto akichomwa na nge apelekwe hospitali upesi. Na mtu akiumwa gizani asimwone aliyemuuma, naye aende, kwani huenda alikuwa nge au nyoka.