Injini Ndogo na Kilango Kizungukacho

Kila fundi wa chuma ajua ya kuwa nguvu peke yake haitoshi. Yataka nguvu ije kwa wakati wake. Wahunzi wa Kihaya walijua haya tangu kale, na mabaki ya tanuru zao yamefukuliwa karibu na Kemondo. Walivukuta kwa zamu, upepo ukapita katika kewa za udongo, na kama zamu ikiharibika moto ulipoa. Injini nayo ni hivyo hivyo, ila zamu zake hazipangwi na mikono ya watu, bali na kilango, ambacho mafundi hukiita vali. Leo twataka kueleza kilango cha namna ya kuzunguka, na jinsi mwalimu wa Bukoba au Muleba awezavyo kuunda injini ndogo yenye kilango hicho, pamoja na wanafunzi wake, kwa mchoro ulionunuliwa.

Kuunda kwa mchoro wa mbali si jambo geni katika Ziwa letu. Meli William Mackinnon ilitengenezwa Uskoti, ikaletwa vipande vipande, ikaungwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900. MV Victoria, ijulikanayo sana katika bandari ya Bukoba, nayo ililetwa vipande kutoka Uskoti, ikaanza kazi mwaka 1961. Mafundi wa Kisumu wasingaliweza kuziunga kama kila kipande kisingalikuwa na kipimo chake.

Sasa tutazame kazi ya kilango. Silinda ya injini hii ndogo ina tundu moja tu. Mbele yake pana bomba fupi la shaba, liitwalo bushi, na ndani ya bushi mna mhimili wa feleji wenye mifuo miwili iliyochongwa ubavuni. Mhimili huu huzunguka mara moja kila gurudumu la injini lizungukapo mara moja. Pistoni ifikapo juu, mfuo wa kwanza huunganisha njia ya mvuke na tundu la silinda. Mvuke huingia, ukaisukuma pistoni chini. Baada ya nusu duara, njia hiyo hufungwa, na mfuo wa pili hufungua njia ya kutokea. Mvuke uliokwisha kazi hutoka, na gurudumu, kwa uzito wa mwendo wake, huirudisha pistoni juu. Fundi akiugeuza mhimili huo nusu duara kutoka mahali pake, injini itazunguka kinyume.

Jambo hili si la kuchezea tu. Mwaka 1849 George Corliss wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wa injini yenye vilango vya kugeuka; vyake havikuzunguka duara zima, bali vilikwenda na kurudi. Injini za namna yake ziliendesha viwanda vikubwa.

Wengi hununua mchoro kwa fedha nyingi, kisha huvunjika moyo kwa sababu hawakupambanua lipi laweza kubadilishwa na lipi haliwezi. Msingi waweza kuwa wa mvule badala ya chuma. Gurudumu laweza kutoka katika mashine mbovu, maadamu ni zito na halipepesuki. Lakini tundu la bushi, unene wa mhimili na mahali pa mifuo havina ruhusa. Nafasi kati ya bushi na mhimili yapasa kuwa pungufu ya unene wa unywele: ikizidi, mvuke huvuja, ikikosekana, mhimili hukwama. Wala shaba na feleji visibadilishane mahali. Shaba ikipata moto hutanuka kupita feleji, kwa hiyo mhimili wa shaba ndani ya bushi ya feleji utakaza na kusimama.

Tena, usipime karatasi kwa rula, kwani mchoro ulionakiliwa huweza kupungua au kuzidi. Fuata tarakimu zilizoandikwa. Tazama pia kama ni inchi au milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, na kosa hapo huharibu kazi yote.

Injini ikimalizika, tia mafuta, kisha ijaribu kwa upepo wa pampu ya baiskeli. Isipozunguka, fungua skrubu ya mhimili, ugeuze kidogo kidogo, ukajaribu tena. Mtu asichemshe kamwe maji katika kopo lililozibwa: maji yakigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,500, na kopo hupasuka likajeruhi watoto. Upepo watosha kufundishia.

Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake injini ikikataa, kisha ikakubali kwa kugeuza mhimili kiasi kidogo tu, hatahitaji kuambiwa tena faida ya kupima. Hilo litamfaa akijenga nyumba, akitengeneza pampu ya maji, au akishika mtambo wa kukobolea kahawa.