Je, Wajua? Vidakuzi na Siri Zako
Je, wajua kwamba tovuti ikutakayo ukubali vidakuzi kabla ya kukufungulia huacha katika kompyuta kumbukumbu ndogo, iliyobuniwa na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape mwaka 1994, ili ikutambue urudipo? Kwa sababu hiyo, mtu aliyefungua barua pepe katika saiba ya Kitale au Bungoma, akachapisha vyeti vyake, akalipa na kwenda zake bila kutoka katika akaunti, aweza kumwachia ajaye baada yake siri zake zote wazi. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 31, yahifadhi faragha yako, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yakuruhusu kuiondoa wakati wowote idhini uliyoitoa ya kutumia data yako. Basi, kabla ya kuinuka kitini, toka katika akaunti, kisha futa vidakuzi.