Una Watoto Wangapi?

Swali hili huulizwa kila asubuhi katika kliniki zetu, aghalabu huku muulizaji akiitazama kadi badala ya kumtazama anayeulizwa. Kwa wazazi wengi halina uzito wowote. Kwa mzazi aliyezika mtoto, kila jibu lina gharama yake: akimhesabu marehemu atalazimika kueleza, na asipomhesabu atahisi kuwa amemkana.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 2 aliyekuwa na homa na upungufu wa damu. Alifuatana na mama mkwe wake. Nilipomwuliza ana watoto wangapi, alimtazama mkwewe, kisha akajibu, "Mmoja, daktari. Ni huyu." Nikaandika mmoja. Nikamtibu mtoto malaria, nikampa dawa ya kuongeza damu, nikawapangia siku ya kurudi. Walirudi, na damu ilikuwa bado chini. Mara ya tatu mama alikuja bila mkwewe. Nilipokuwa nikilipapasa tumbo la mtoto kutafuta bandama, alisema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Hata kaka yake alianza hivihivi."

Kaka yake huyo alifariki akiwa na miaka 4, baada ya kuugua mara kwa mara maumivu ya miguu, macho kuwa ya manjano na kuongezewa damu zaidi ya mara moja. Hakuna aliyekuwa amempima selimundu. Nikaagiza binti apimwe, na majibu yakathibitisha nililopaswa kulishuku mapema. Tulikuwa tumepoteza takriban miezi 2. Kosa lilikuwa langu: nilipaswa kuuliza kama katika nyumba ile kulikuwa na mtoto aliyefariki, na sikuuliza.

Siku hiyo mama alinieleza kwa nini alijibu vile. Kabla ya msiba, mtaa mzima ulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Tuseme Mama Amani. (Jina halisi siliandiki hapa kwa kulinda siri ya familia, ingawa yeye mwenyewe angependa liandikwe.) Matanga yalipoanuliwa, nguo za mtoto ziligawiwa, picha yake ikashushwa ukutani, na majirani wakaombwa wasimwite tena mama kwa jina lile, wasije wakamtonesha kidonda. Binti alipozaliwa, akaanza kuitwa kwa jina la binti. Hakuna aliyefanya hayo kwa ubaya. Hata hivyo, aliniambia kuwa siku walipombadilishia jina ndipo alipofiwa mara ya pili.

Selimundu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi wanapokuwa wabebaji wa chembe ya urithi inayosababisha ugonjwa huo, kila ujauzito una uwezekano wa robo moja wa kuzaliwa mtoto mgonjwa, bila kujali hali ya mtoto aliyetangulia. Mtoto aliyefariki, basi, ni sehemu ya historia ya afya ya ndugu zake walio hai. Jina lake likifichwa, hufichwa pamoja nalo habari ambayo ingempatia mdogo wake penisilini ya kinga, asidi ya foliki, haidroksiyurea, na maelekezo ya kumwahisha hospitalini homa inapopanda. Nimetanguliza hoja hii ya kitabibu kwa sababu ndiyo inayowashawishi upesi wale wanaodhani kuwa kumkumbuka mtoto ni jambo la machozi tu. Lakini hata pale pasipo na ugonjwa wa kurithi, nyumba inayokatazwa kumtaja mtu wake hulipa kwa namna nyingine.

Tusiwalaumu wazee peke yao. Kwa muda mrefu wanataaluma nao waliwashauri wafiwa jambo lilelile, kwa maneno ya kisomi. Katika makala yake ya mwaka 1917 kuhusu maombolezo, Sigmund Freud alieleza kwamba kazi ya mfiwa ni kujibandua kidogo kidogo kutoka kwa aliyemwondokea. Mwaka 1920 binti yake Sophie alifariki kwa homa ya mafua. Mwezi Aprili 1929, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, Freud alimwandikia Ludwig Binswanger, daktari mwenzake aliyekuwa amefiwa na mtoto, akikiri kuwa pengo lile lilikuwa halijazibika, wala hakuona kuwa lilipaswa kuzibwa. Baba alikuwa amejifunza jambo ambalo mwanazuoni hakulijua. Ilichukua muda mrefu taaluma kumfuata: mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walitoa kitabu kilichotetea kwamba wafiwa wengi hawaukati uhusiano na marehemu, uhusiano huo hubadilika sura, na kuudumisha si dalili ya ugonjwa.

Huku kwetu, John Mbiti wa Kenya alikwisha kuandika mwaka 1969, akitumia maneno ya Kiswahili Sasa na Zamani, kwamba aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina. Ila heshima hiyo tumezoea kuwapa wazee. Katika jamii zetu nyingi mtoto mchanga huzikwa upesi, kwa maneno machache, na mama yake huambiwa kuwa bado ni kijana na atazaa mwingine.

Nilimwomba Mama Amani aje na mumewe, na safari iliyofuata akaja pia na mama mkwe. Sikuwa na dawa ya kuwapa kwa jambo hili. Niliwauliza tu Amani alikuwa mtoto wa namna gani. Baba, ambaye hadi hapo alikuwa akijibu kwa kutikisa kichwa, alisimulia jinsi mwanawe alivyokataa kunywa uji ila katika kikombe cha bati chenye mpini uliopinda. Mama mkwe akaanza kulia. Kumbe yeye, aliyesimamia ugawaji wa nguo, alikuwa amezificha kandambili za mjukuu wake sandukuni, chini ya kanga.

Waliyoyafanya baadaye yalikuwa madogo. Kikombe kilirudi kabatini pamoja na vingine, nacho hutumika. Picha moja iliyokuwa katika simu ya baba ilisafishwa na kutundikwa, na hilo nawashauri wazazi wote: simu huibwa na huharibika, na nimewaona watu wakiomboleza upya kwa sababu hiyo. Siku aliyozaliwa Amani hupikwa maandazi, wakapelekewa watoto wa jirani. Familia nyingine hutoa sadaka na kusoma dua, au huomba misa ya kumbukumbu. Wengine hupanda mti. Namna si hoja, ilimradi wenye nyumba ndio walioichagua.

Kuna mpaka, na ni vema kuusema. Chumba kinachofungwa mwaka baada ya mwaka bila mtu kuruhusiwa kuingia huwatisha watoto waliobaki. Mwaka 1964 Albert Cain na Barbara Cain walieleza shida za watoto waliozaliwa ili kuziba nafasi ya ndugu aliyekufa, wakalelewa wakilinganishwa naye kila siku. Sikatazi kurithisha jina. Nasihi tu kwamba mtoto mpya asikabidhiwe na maisha ya mwenzake. Nao wadogo wanapouliza, waambiwe kuwa amekufa. Mtoto aliyeambiwa kuwa kaka "amelala" huweza kuogopa usingizi, na aliyeambiwa "amesafiri" humngoja.

Kulia kila mwaka siku ya kuzaliwa si ugonjwa. Lakini mwongozo wa kimataifa wa uainishaji wa magonjwa, ulioanza kutumika mwaka 2022, unatambua majonzi ya muda mrefu kuwa tatizo linalohitaji tiba pale yanapodumu zaidi ya miezi 6, yakizidi yale ambayo jamii yenyewe huyaona ya kawaida, na kumzuia mtu kufanya kazi, kula au kuwatunza walio hai. Anayetamani kufa amfuate mwanawe asingoje miezi hiyo; apelekwe hospitalini siku hiyohiyo.

Kwa wenzangu wa kliniki: kadi hutaka idadi ya mara alizozaa mama na idadi ya watoto walio hai. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni mtu. Tukiiona, tuweke kalamu chini, tuulize aliitwa nani, alifariki akiwa na umri gani, aliugua nini. Kisha tunyamaze kidogo. Hata foleni ikiwa ndefu, dakika 2 hazitaivunja.

Binti yule sasa anasoma darasa la kwanza, naye huhudhuria kliniki kila tulipopanga. Mwezi uliopita muuguzi mgeni alimwuliza mama ana watoto wangapi. Binti akawahi kujibu: "Tuko wawili. Kaka yangu Amani alikufa, mimi natumia kikombe chake." Muuguzi alinigeukia kuuliza aandikeje. Nikamwambia aandike kama alivyosikia.