Barua Iliyozuiliwa na Tauni

Aghalabu wasomaji wa tamthilia ya Romeo na Juliet, aliyoitunga William Shakespeare na ikapigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1597, hukifunga kitabu wakiwa na hukumu moja, kwamba vijana wale wa Verona waliandikiwa mauti tangu kuzaliwa kwao, na kwamba hapana mja awezaye kushindana na kadari. Mtunzi mwenyewe ameichochea dhana hiyo, maana katika utangulizi ameshatangaza kuwa wapenzi hawa watakufa. Lakini mtu akiisoma sehemu ya tano na ya mwisho kwa utulivu, akaifuata saa kwa saa, ataona kuwa waliowafikisha kaburini ni watu wazima, tena wenye heshima zao, na kila mmoja alipata nafasi ya kutenda lililo bora akaiacha ipite.

Tuanze na barua. Juliet amekunywa dawa ya kumlaza kama maiti kwa muda wa saa 42, na mtawa Laurence, aliyeifanya tadbiri hiyo, amemwandikia Romeo, aliyehamishwa kwenda Mantua, aje amchukue mkewe, aliyemwoa kwa siri, atakapoamka. Waraka huo alikabidhiwa mtawa mwenziwe, John, naye akaenda kwanza kumtafuta ndugu mmoja wa kufuatana naye safarini, akamkuta anazuru wagonjwa. Walinzi wa afya wa mji wakashuku kuwa nyumba ile ina tauni, wakaipiga muhuri milango, wao wakiwa ndani. Barua haikwenda Mantua, na kwa hofu ya maradhi hakupatikana hata mtu wa kuirudisha. Wakati huohuo Balthasar, mtumishi wa Romeo, ambaye hakuzuiwa na yeyote, alikwisha kufika na habari ya msiba wa Juliet.

Sisi wa Chala, huku Ufipa, hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Kabla ya simu za mkononi, barua ya kutoka Sumbawanga au Namanyere iliweza kutiwa mkononi mwa dereva au utingo wa lori, na masika yakikaza, utelezi ukaishika njia, ikalala huko njiani siku kadhaa, ilhali tanzia, kwa kuwa haina mzigo, hupita kwa mdomo na kutangulia. Ndiyo maana watu wenye hadhari, wakiwa na jambo zito, hupeleka wajumbe wawili. Laurence alimtuma mmoja, wala hatusikii popote kwamba alimjuza uzito wa alichokibeba.

Na muda wenyewe ulifupishwa na baba wa Juliet. Mzee Capulet alikuwa ameiweka arusi ya Juliet na bwana Paris siku ya Alhamisi. Kisha, kwa furaha ya kumwona binti ametii, akairudisha nyuma hadi Jumatano, na kwa hiyo Juliet akalazimika kuinywa dawa usiku mmoja mapema. Siku ile moja ingeweza kuwaokoa. Katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, ambamo Shakespeare alichota hekaya hii, mambo huchukua miezi na msichana ana umri wa miaka 16. Shakespeare aliyakusanya yote katika siku nne au tano, akampunguza Juliet umri hata hajatimiza miaka 14. Msomaji wa Tanzania hawezi kulipita neno hilo hivihivi, maadamu Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, kisha Mahakama Kuu ikatamka mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019.

Kule kaburini Romeo, akiwa na sumu aliyoinunua kwa dukati 40 kwa muuza dawa mwenye njaa, anamuua Paris aliyemzuia mlangoni, kisha anautazama uso wa mkewe, anashangaa kuona midomo na mashavu bado ni mekundu, na haelewi. Anakunywa, anakufa. Mtawa anaingia akiwa amechelewa, Juliet anafumbua macho na kuuliza mumewe yu wapi, naye anamjibu kwa haraka kuwa amekufa, anaahidi kumpeleka kwa masista, anasikia kelele za walinzi, anakimbia. Hapa ndipo moyo wangu unapouma kuliko penginepo pote. Katika Ufipa, nchi ambayo Mapadri Weupe waliifikia kutoka Karema, kituo walichokishika mwaka 1885, watu wamekua wakijua kuwa mtumishi wa Mungu ndiye huketi na mfiwa mpaka mwisho. Na huyu anamwacha mtoto wa miaka 13 peke yake gizani, kati ya maiti mbili, na jambia la mumewe karibu na mkono wake.

Mwigizaji David Garrick, alipouonyesha mchezo huu London mwaka 1748, alimwamsha Juliet kabla Romeo hajakata roho, wakapata kusemezana na kuagana, na watazamaji waliupenda mwisho huo kwa takriban miaka mia. Nadhani alikosea. Shakespeare aliwanyima neno la kwaheri kwa makusudi, ili tusifarijike na utamu wa maneno.

Kosa jingine hufanywa na waandaaji wengi hata leo: hulikata simulizi refu la Laurence mbele ya Mtawala wa Verona, kwa hoja kwamba mtazamaji ameshayaona yote. Mzee Montague, baba wa Romeo, huachiwa kuahidi sanamu ya Juliet ya dhahabu tupu, Capulet naye huahidi ya Romeo, wakapeana mikono, pazia likashuka. Vijana wa shule wanaotaka kuucheza mchezo huu wasikubali mkato huo. Mtawa yule aliyekimbia anarudishwa na walinzi, anasimama mbele ya umma, anaeleza ndoa ya siri, dawa, barua na woga wake, kisha anasema kuwa kama ana taksiri, uzee wake na utolewe kwa hukumu kali ya sheria. Katika mchezo mzima hakuna mtu mzima mwingine anayejitoa ahukumiwe kwa lililowapata watoto hawa.