Tumbawe la Matawi: Lijue Kabla ya Kulinunua

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hufika Chimala baada ya zaidi ya kilomita 700. Kwa njia hiyo hiyo iletayo nazi na dagaa wa pwani, mlaji wa Nyanda za Juu Kusini anaweza kuletewa pambo jeupe, lenye matawi kama kichaka kidogo kilichokauka. Muuzaji anaweza kuliita ua la bahari, jiwe la bahari, au hata marijani. Hakuna jina sahihi kati ya hayo matatu, na anayelipa kwa kuliamini jina hulipia asichokijua.

Ni kitu gani?

Tumbawe ni mnyama. Wataalamu huliweka katika himaya ya wanyama, faila ya Cnidaria, ambamo pia wamo yavuyavu. Kisha katika ngeli ya Anthozoa, na katika oda ya Scleractinia, yaani matumbawe magumu. Tumbawe la matawi linalojulikana zaidi ni la familia ya Acroporidae, jenasi ya Acropora, yenye spishi zaidi ya 100.

Tawi moja ni makazi ya wanyama wengi wadogo waitwao polipu. Kila polipu hujijengea kikombe cha kalisiamu kaboneti, madini yale yale yaliyomo katika mawe ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Ndiyo sababu tumbawe hili hustawi katika maji ya kina kifupi, yaliyo safi na yenye joto, kama yale ya Mafia, Chumbe na Ghuba ya Mnazi.

Namna ya kulitambua

Likiwa hai, huwa na rangi ya kahawia, kijani, samawati au zambarau, na ncha za matawi hupauka kwa kuwa ndipo linapokua. Likifa na kusafishwa, hubaki kiunzi cheupe. Mlaji aangalie mambo haya:

1. Ncha. Kila tawi la Acropora huishia kwa kikombe kimoja kikubwa kuliko vilivyo ubavuni. Hiyo ndiyo alama kuu ya jenasi hii.
2. Ubavu. Vikombe vidogo hulizunguka tawi lote, na hukwaruza kidole. Tumbawe la jenasi ya Pocillopora lina vinundu tele, wala halina kikombe cha ncha.
3. Rangi. Kiunzi kikavu cha Acropora chenye wekundu au samawati iliyokolea kimepakwa rangi.
4. Uzito na mguso. Kiunzi halisi ni kizito na huvunjika kama chaki ngumu. Plastiki ni nyepesi na hupinda. Chembe iliyomeguka, ikidondoshewa siki, hutoa povu, plastiki haitoi.

Marijani ya kweli ni kitu kingine. Ni kiunzi chekundu cha matumbawe ya jenasi ya Corallium, kigumu, kinachong'arishwa na kutungwa shanga. Thamani yake ni kubwa, na Acropora iliyopakwa rangi haiwezi kudaiwa bei yake.

Sheria inasemaje?

Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979. Biashara yake ya kuvuka mipaka huhitaji kibali. Basi mkazi wa Chimala anayelipeleka pambo hili Zambia kupitia Tunduma, au Malawi kupitia Kasumulu, bila nyaraka, anaweza kunyang'anywa mali aliyoilipia. Aidha, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 hulinda matumbawe yaliyo ndani ya hifadhi hizo, ikiwemo ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995.

Ulinzi huo una sababu. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani ya Tanzania yalipauka na kufa, na yale ya matawi yaliathirika zaidi. Samaki wachanga hujificha kati ya matawi hayo. Yakivunjwa, hupoteza maficho.

Kabla ya kulipa

Muulize muuzaji pambo limetoka wapi, na umwombe akuonyeshe nyaraka zake. Kagua ncha, ubavu na rangi. Dai risiti yenye jina halisi la bidhaa: iandikwe tumbawe, isiandikwe marijani. Asipojibu, usinunue.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyeuziwa tumbawe lililopakwa rangi kwa jina la marijani anayo haki ya kulalamika mbele ya Tume ya Ushindani. Atunze risiti pamoja na pambo lenyewe, kwani ndivyo vithibitisho vyake.