Je, Wajua? Sheria ya London Ilisomwa Kizuizini Gilgil

Je, wajua kwamba Gilgil, kati ya Naivasha na Nakuru, iliwahi kuwa na kambi ya wafungwa wa Kiyahudi? Waingereza waliwakamata Palestina kama wanachama wa makundi ya siri ya Irgun na Lehi. Kuanzia Oktoba 1944 wakawahamishia Eritrea, na mwaka 1947 wakawaleta Kenya.

Mmoja wao, Meir Shamgar, alisoma sheria uhamishoni kwa njia ya posta kupitia Chuo Kikuu cha London. Yaani aliyemfunga ndiye aliyemfundisha! Baadaye, kuanzia 1983 hadi 1995, akawa Rais wa Mahakama ya Juu ya Israel.

Masomo hayo hayakupotea bure, kwani Israel ilirithi sheria ya Waingereza. Palestina ya Waingereza ilikuwa na sheria kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiebrania, lakini tafsiri zikitofautiana, Kiingereza ndicho kilichoshinda. Israel ilipozaliwa mwaka 1948, mahakimu walilazimika kuisemesha sheria ya Kiingereza kwa Kiebrania, na tafsiri ya neno kwa neno haikutosha. Kile ambacho mawakili wetu hukiita nia njema, Waisraeli hukiita tom lev, yaani unyofu wa moyo; mizizi yake imo katika Mwanzo sura ya 20, Abimeleki anapojitetea mbele za Mungu.

Si wafungwa wote waliotulia na vitabu. Machi 1948 Yaakov Meridor na wenzake watano walitoroka Gilgil, wakapitia Uganda hadi Kongo ya Wabelgiji. Waliobaki walirudishwa kwao Julai mwaka huohuo.